Jenereta ya dharura ya mafuta ya chips: naomba ushauri kabla sijanunua injini

MamaVifaranga

Wakuu habari za muda huu. Naombeni mnisikilize kidogo maana hili jambo nina miezi miwili nalo kichwani na kila fundi ninayemuuliza ananijibu lake. Mimi nipo Chanika, natotolesha vifaranga, nina mashine mbili za mayai 528 kila moja afu nina friza mbili za kuku wa nyama nawauzia mama lishe na wakaanga chips. Umeme ukikatika nusu saa sina shida, nafunika mashine na mablanketi, sifungui mlango, mambo yanaenda. Ila mwezi wa nne zile mvua kubwa ziliangusha nguzo mtaani kwetu tukakaa giza kuanzia saa moja jioni mpaka kesho yake saa tano asubuhi. Mayai yalikua siku ya 18, ndo kwanza nimeyahamishia kwenye trei za kutotolea. Joto lilitoka 37.5 nikawa nalitazama linashuka, 35, 33, saa tisa usiku likawa 30. Nikaleta jiko la mkaa kwenye korido nikaona kichwa kinaanza kuniuma nikalitoa mbio.

Kwenye mayai zaidi ya mia tisa nilipata vifaranga mia mbili na kitu, na hao wengine walikua na vitovu wazi, wakafa ndani ya wiki. Yale yaliyobaki nilipasua moja moja, vifaranga wamekamilika na manyoya yao, mdomo umeshageukia upande wa hewa. Wateja walishatanguliza hela. Sitaki kupitia hiyo kitu tena.

Sasa jenereta ninayo ya petroli ya kilowati 2 lakini usiku mzima inakula petroli balaa. Wateja wangu wa chips Pugu na Gongo la Mboto wana mafuta machafu, wako wanne, dumu la lita 20 wananiuzia elfu 20 na wengine tunakatana kwenye deni la kuku. Dizeli ukiangalia bei ya EWURA (mamlaka inayopanga bei za mafuta) inayotoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi inazidi hiyo kwa mbali. Kijana wangu ananiambia injini ya dizeli inakubali mafuta ya kula. Je hii ya petroli naweza kubadilishiwa? Kama siwezi ninunue injini gani, na haya mafuta nayaandaaje, maana fundi mmoja hapa kwetu kaniambia "wewe mwaga tu kwenye tanki mama inaenda" na mimi roho yangu inakataa.

fundi_buguruni

Dada pole sana kwa hasara, na roho yako iko sahihi, usimwage tu.

Ya petroli sahau kabisa. Injini ya petroli inavuta hewa imeshachanganyika na petroli kutoka kwenye kabureta afu plagi inapiga cheche, na mafuta ya kula hayageuki mvuke kwa joto la kawaida, kabureta itajaa utelezi plagi italowa na hutapata hata kikohozi. Dizeli ni kitu kingine, haina plagi ya cheche, hewa inabanwa mpaka inakua ya moto sana yenyewe afu nozo inarusha mafuta kama ukungu, yanawaka pale pale. Ndo maana mafuta ya kula yanaweza kuwaka humo. Neno kubwa hapo ni UKUNGU. Mafuta ya kula yakiwa ya baridi ni mazito kama mara kumi ya dizeli, kwaiyo nozo badala ya kutoa ukungu inatoa matone, tone haliishi kuungua, linakua mkaa kwenye ncha ya nozo na gundi kwenye ringi.

Mi nimelipa ada ya hili somo. Nilikua na mashine ndogo ya dizeli ya kupozwa kwa upepo, zile zinazozunguka 3000 kwa dakika, nikaichanganyia mafuta ya viazi nusu kwa nusu bila kuyapasha. Siku za kwanza raha tupu, uani kunanuka chips mpaka watoto wa jirani wanachungulia. Baada ya kama masaa 60 ikaanza kukataa kuwaka asubuhi, afu moshi mweupe, afu ikaanza kula oili. Nikaifungua. Ringi zote mbili za juu zimeganda kwenye mfereji wa pistoni, nimezitoa kwa bisibisi zikavunjika vipande. Nozo ilikua na ua la mkaa kwenye mdomo kama koliflawa. Ila kilichonitisha ni oili ya chini, nilifungua nati ya kumwagia hakikutoka kitu, nikachokonoa na waya ikatoka kama uji wa ulezi uliolala. Mafuta yaliyokua hayaungui yalipita kwenye ringi yakashuka huko yakachanganyika na oili. Krenki ikawa imekwanguka, injini nikaiuza chuma chakavu.

Kwaiyo mashine za upepo achana nazo kwa hii kazi, hazina maji ya moto ya kukusaidia kupasha mafuta.

Mzee wa Mashine

MamaVifaranga mwanangu pole. Mimi nimeendesha mashine za kusaga tangu Mbagala bado ina mikorosho, kwaiyo nitasema ninayoyajua kwa mikono yangu.

Kwanza usione kama unafanya kitu cha ajabu. Huyo Rudolf Diesel mwenyewe aliyeipa injini jina, kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900 kulikua na injini ndogo ya aina yake iliyotengenezwa na kampuni ya Otto ikazunguka kwa mafuta ya karanga, na wachache tu waliokua pale ndo walitambua. Na hapa kwetu, Engaruka kule Monduli waliwahi kufunga injini ya aina ya Lister ikatumia mafuta ya mbono kaburi, ikawasha taa na kufanya kazi za mashine. Kwaiyo jambo lipo. Linataka utaratibu tu.

Injini tafuta ya kupozwa kwa maji. Ile Lister ya zamani ya kusimama, ya hp 6 inayozunguka 650 kwa dakika, ndo mama wa zote kwa mafuta mazito, inakwenda taratibu du du du na mafuta yanapata muda wa kuungua. Lakini leo ukiipata nzima bei yake ni ya kushangaza na ina uzito wa kutaka vijana sita. Uwezo wako nadhani ni zile za Kichina za silinda moja zilizolala, kama za pawatila, zenye beseni la maji juu linalochemka. Hizi spea zake Gerezani Kariakoo zimejaa na kila fundi anazijua. Ila soma kibao chake kabla hujatoa hela. Ikiandikwa S195 au R175 zina kachumba kadogo kwenye hedi mafuta yanaanzia kuwaka humo, zinasamehe. Ikianza na ZS ujue inarusha mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, hiyo kwa mafuta ya kula inakua na mkaa haraka, iache.

Pili matanki mawili. Hili usimruhusu fundi akupunguzie. Tanki dogo la dizeli lita tano, tanki kubwa la mafuta yako, katikati koki ya njia tatu kabla ya filta. Unawasha na dizeli, unaipa mzigo, unasubiri maji yachemke kwenye beseni, kama dakika 15 au 20, ndo unageuza koki kwenda kwenye mafuta. Na dakika kumi kabla ya kuzima unarudisha dizeli ili paipu, pampu na nozo vilale na dizeli ndani. Ukizima ikiwa na mafuta ya chips, kesho yake umeme ukikatika saa nane usiku utapiga handeli mpaka bega litoke. Na ni usiku huo huo utakapoihitaji.

Kupasha mafuta, mpe fundi wa kuchomelea paipu nyembamba aipinde mizunguko kama sita aizamishe kwenye lile beseni la maji. Maji yanayochemka hayazidi 100 kwaiyo mafuta yatatoka kwenye 70 au 80 hivi, hapo yanakua mepesi ya kutosha. Mafundi watakimbilia paipu ya shaba ya friji kwa sababu inapindika kirahisi. Kataa. Shaba inayafanya mafuta ya kula kugeuka gamu haraka. Chukua ya alumini au chuma kisichoshika kutu. Na kutoka kwenye beseni mpaka kwenye pampu paipu iwe fupi na uifunge kitambaa, filta nayo iwe karibu na joto.

Nambie mzigo wako ni wati ngapi, hilo ndo swali ambalo hakuna mtu amekuuliza.

MamaVifaranga

Shikamoo mzee, asante sana, na fundi_buguruni asante kaka, hiyo habari ya uji wa ulezi imenitisha.

Mzigo nimeenda kusoma vibandiko. Mashine za mayai kila moja imeandikwa wati 240 ila heta zinawaka na kuzima, friza kila moja 180, pampu ya kisima hp 1 na taa. Huyu fundi wa hapa alikua ananiuzia S195 na altaneta (ile dinamo ya kuzalisha umeme) ya kilowati 7.5, anasema bora kubwa nisije nikajuta. Nishampa ahadi lakini bado sijatoa advansi.

Mzee wa Mashine

Marahaba. Usitoe hiyo advansi.

Hiyo S195 ni injini ya hp 12, kulisha wati mia tano usiku kucha ni kuiua kwa makusudi, na kwa mafuta ya kula utaiua mara mbili. Injini ya dizeli isiyo na mzigo haipati moto ndani, chumba cha kuwakia kinabaki baridi hata kama maji juu yanatoa mvuke, mafuta hayaungui yote, mengine yanakua gundi, mengine yanashuka kwenye oili. Wengi walioharibu mashine hawakuharibu kwa kuzibebesha, waliziharibu kwa kuziacha zinanguruma bila kazi. Mimi mashine ya kusaga nilikua siiwashi mpaka foleni ya wateja ifike magunia matatu, kwa sababu hiyo hiyo.

sola_na_inveta

Naomba nidakie hapo kwa mzee maana hii ndo kazi yangu, nafunga umeme Tabata na Kinyerezi huku.

Dada wati 240 mara mbili ni 480 lakini kwa sababu heta zinapumzika wastani wako unaweza kua 300 tu. Hiyo 300 mpe betri. Betri mbili za 12V 200Ah ukizifunga zikawa 24V zina kama uniti (kilowati-saa) 4.8 ndani, tumia nusu tu zisife mapema, ni 2.4, hiyo inakupa masaa manane ya mashine za mayai bila kelele, bila kuamka, umeme unakatika na mashine hazijui. Maana kumbuka jenereta yoyote ya handeli hata uwe hodari vipi kuna zile dakika za kutafuta tochi na kuvaa viatu, na usiku kwa mwanamke peke yake uani sio salama.

Afu injini ndo inakuja asubuhi au umeme ukichelewa sana, inawashwa masaa matatu inapewa kazi ya maana, friza zote mbili, pampu ya kisima, na chaja inarudisha betri kwa wati 800 hivi. Piga hesabu, 360 na 750 na 800 na mashine zenyewe, unafika kama kilowati 2.2. Altaneta ya kilowati 3 inatosha, na injini ya hp 6 mpaka 8 ya beseni la maji. Hapo injini ipo kwenye zaidi ya nusu ya nguvu zake inachemka vizuri. Pampu ya kisima iwashe kwanza peke yake kabla ya friza, ikianza tu inavuta mara kadhaa ya wati zake.

Kuhusu mizunguko, altaneta nyingi za mkanda zina ncha nne kwaiyo lazima zizunguke 1500 kwa dakika upate hezi 50. Injini ndogo zile ziko vizuri kwenye 2200 na kitu, kwaiyo puli ya injini inchi 4, puli ya altaneta inchi 6, unafika. Usikubali fundi akakisia kwa sikio, kamata mita inayosoma hezi, za kuchomeka kwenye soketi zipo Kariakoo bei ndogo. Thamostati za mashine za mayai hazipendi umeme unaoyumba.

Hesabu ya hela nayo niiseme ukweli. Uniti moja ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) kwa bei ya kawaida ukijumlisha na kodi ni kama shilingi 350 na ushee. Injini ndogo ikiwa na mzigo mzuri inakula karibu nusu lita ya mafuta ya kula kwa uniti, yana nguvu pungufu kidogo ya dizeli, kama asilimia tano mpaka kumi hivi kwa lita. Kwaiyo hata ukinunua lita kwa elfu moja uniti inakutoka 500 kabla ya filta, oili na jasho lako. Ni nafuu sana kuliko dizeli, ila usije ukasema utahama LUKU. Hii ni ya siku za giza tu. Na mafuta mapya ya dukani ndo usiguse kabisa, lita moja inashinda dizeli kwa mbali.

Mwisho kabisa na hapa naomba uniahidi. Kuna watu wanachukua waya wenye plagi pande mbili wanachomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani. Umeme huo unatoka kwenye nyumba yako unarudi kwenye nguzo, unaingia kwenye transfoma kinyumenyume, 230 inapanda inakua 11,000 au 33,000 juu kule, na kuna kijana wa watu amepanda nguzo anatengeneza anajua laini imekufa. Funga chenjiova. Ni swichi moja tu, ukiwa upande wa jenereta haiwezekani kuwa upande wa laini. Na uchimbie fimbo ya ethi.

Sabuni_Kiwalani

Jamani mimi nimesomea kemia na natengeneza sabuni, ninanunua hayo hayo mafuta machafu kwaiyo dada MamaVifaranga tunagombania dumu moja 😊 Nasema hili kwa sababu najua kuna mtu atakuja hapa kukwambia "tengeneza biodizeli, mafuta yanakua mepesi hata hupashi". Ni kweli kisayansi. Unachanganya mafuta na methanoli kama mililita 200 kwa lita, na kostiki soda gramu chache, unapasha kidogo, unakoroga, gliserini inazama chini na juu unapata kitu chepesi kama dizeli.

Ila mimi nimeifanya na sikushauri ufanye nyumbani penye watoto. Methanoli sio spiriti ya kidonda, ni sumu, kidogo tu ukinywa macho yanakufa, na mvuke wake unaingia kwa pua na ngozi. Ikiwaka mchana moto wake huuoni, unaona tu hewa inacheza. Na usije ukashawishika kutumia gongo kwa sababu ni rahisi kupatikana, ina maji, na maji yakiingia humo kostiki soda inageuza yote sabuni. Mimi ndoo yangu ya kwanza iliganda nzima hivyo hivyo, kwangu ilikua faida maana nilikata miche nikafulia, wewe ungekua umebaki bila mafuta.

Kwaiyo nakubaliana na mzee, matanki mawili na joto.

Lakini la kuongezea ni aina ya mafuta. Wakaanga chips wengi wa hapa Dar wanatumia mafuta ya mawese yaliyosafishwa, na hiyo ni bahati yako kwa upande mmoja, mawese hayakauki kuwa gundi haraka kama alizeti. Alizeti ukiimwaga kidogo kwenye kioo ukaiacha juani siku nyingi inakua kama vanishi, na ndo inavyofanya kwenye ringi. Ubaya wa mawese ni kuganda. Mwezi wa sita mpaka wa nane asubuhi Dar ikishuka kwenye 19 au 20 utakuta dumu limekua na ukungu mweupe chini kama uji mwepesi. Hiyo nyeupe itaziba filta dakika tano. Msimu huo chota ya juu iliyo angavu tu, ya chini niletee mimi, sabuni inaipenda kweli kweli. Nazi nayo usichanganye, inaganda kwenye joto la 24 tu.

Na vitambaa ulivyofutia mafuta hasa ya alizeti usivirundike kwenye kona ya banda. Vinajipasha vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vianike vimoja vimoja au vitie kwenye ndoo ya maji.

fundi_buguruni

Dada Sabuni umesema vizuri. Mi namalizia maandalizi maana hapo ndo watu wanakosea.

Adui namba moja kwenye mafuta ya chips ni maji, sio makombo. Viazi vimejaa maji na chumvi. Pampu ya dizeli imechongwa kwa usahihi mkubwa sana, tone la maji la chumvi linailaza na kutu usiku mmoja. Unachofanya, mafuta yakifika yapitishe kwenye chujio la chai yatoke makombo, afu weka kwenye pipa lenye koki iliyo juu kidogo ya kitako, sio kwenye kitako kabisa. Yapashe mpaka mkono hauvumilii, kama 60 hivi, afu yaache yatulie wiki mbili. Usiyakoroge, usiyahamishe. Maji na uchafu vinakaa chini.

Kabla hujachuja pima. Kikaango kikavu jikoni kiwe cha moto, dondosha kijiko kimoja. Yakitulia yakatoa moshi kidogo ni sawa. Yakichachatika hata kwa mbali, tsss tsss, bado yana maji, rudisha yakae. Afu ndo unachuja, mimi nakata mguu wa suruali ya jinsi nene nafunga mwisho wake fundo naning'iniza, yanadondoka usiku kucha taratibu. Hiyo inatoa vitu vikubwa, ila mwisho lazima yapite kwenye filta ya dizeli ya karatasi kabla ya kuingia kwenye tanki. Filta weka mbili akiba ukutani, itaziba tu, na utaijua kwa injini kuanza kupoteza nguvu kama mtu anayepaliwa.

Oili ya injini usifuate kitabu, badilisha nusu ya masaa yaliyoandikwa. Kila ukiwasha toa kijiti cha kupimia, isugue kati ya vidole. Ikipanda kipimo au ikinata kama asali, zima, mwaga, weka mpya, hata kama jana tu ulibadilisha.

MamaVifaranga

Wakuu nimerudi, imepita miezi mitatu, nilisema sitarudi na maneno nirudi na kitu kinachozunguka.

Yule fundi wa kilowati 7.5 niliachana naye kwa amani. Betri mbili na inveta (inayogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani) nilifunga kwanza, mwezi ule ule, na nikaongeza paneli mbili juu ya bati. Hiyo peke yake imeshanirudishia usingizi, umeme umekatika mara nne usiku na mashine za mayai hazikujua. Injini nimepata R175 ya mkononi Gerezani, beseni la maji halina kutu, kompresheni nzuri, mzee niliishika handeli mwenyewe kabla ya kulipa kama ulivyonielekeza kwenye ujumbe. Altaneta ya kilowati 3. Stendi ya chuma nilichomelewa Vingunguti, yule kijana alikua anataka kunifungia paipu ya shaba nikakataa, akaenda kutafuta ya chuma kisichoshika kutu kutoka kwenye mtambo mbovu wa maziwa.

Banda la injini liko mita kumi na mbili kutoka chumba cha mayai, ekzosi inatoka upande wa pili upepo unakoelekea. Hili nililifikiria kwa sababu ya ile siku ya jiko la mkaa, yai la siku ya 18 linapumua, moshi ule ule ulioniuma kichwa nahisi na wao uliwafikia.

Wiki iliyopita ndo siku yake, umeme ulikatika saa kumi usiku, betri zikabeba mpaka saa tatu asubuhi, nikaenda kuwasha. Dizeli kwanza, nikafungulia pampu ya kisima, afu friza, afu chaja. Nilikaa pale na kiti natazama maji. Dakika ya kumi na nane yakaanza kutoa mapovu pembeni, nikaacha kidogo mpaka yakachemka kote ndo nikageuza koki. Nilisikiliza. Mlio ulibadilika kidogo sana, ukawa laini kuliko wa dizeli, na moshi ukawa haupo kabisa, ni ile harufu tu. Hezi ilisoma 49.6 nikakaza gavana (kinachopanga mwendo wa injini) kidogo ikaja 50. Masaa matatu na nusu, mafuta yaliyokwenda lita tatu na kidogo. Kuku kwenye friza hawakulegea na jioni umeme ulivyorudi vifaranga walikua wanalia ndani ya mayai.

Sasa ina masaa 34 jumla. Oili nimebadilisha mara moja, ilikua nyeusi lakini inateleza, hainati. Nimepanga nifungue nozo nikifika masaa 100 niangalie kama kuna mkaa, nitaleta picha hapa.

Mzee wa Mashine

Hongera sana mwanangu. Masaa 100 ni mengi kwa mara ya kwanza, fungua kwenye 50. Na ukifungua usikwangue ncha ya nozo kwa kisu wala bisibisi, iloweke kwenye dizeli usiku kucha afu pitisha mswaki wa zamani.